Maswali na majibu: faili ina jina, wimbo hauna

Tangu nieleze hapa namna ya kuhamisha kaseti hadi kwenye kompyuta, maswali yanayoingia yamekuwa ya aina moja: nyimbo zimeshaingia kwenye mashine, lakini mwenyewe hazitambui tena. Kabla sijayajibu, tukubaliane kuhusu neno moja. Faili ya wimbo hubeba majina mahali pawili. Kuna jina la nje, lile unaloliona kwenye folda. Kisha kuna maandishi yaliyo ndani ya faili yenyewe: mwimbaji, wimbo, albamu, mwaka, namba ya wimbo, hata picha ya jalada. Hayo ya ndani mafundi huyaita tegi, nami nitayaita hivyo.

Nacheza muziki kwenye matatu na harusi za wikendi. Nina flashi ya GB 64 iliyojaa, lakini nikiichomeka kwenye laptopu programu inasema karibu nusu ya nyimbo ni "Unknown Artist". Kwenye folda majina nayaona vizuri kabisa. Mbona programu haiyaoni? (DJ, Umoja)

Kwa sababu haiyatafuti huko, ndugu yangu. Programu nyingi za kupanga muziki hufungua faili na kusoma tegi. Zikikuta patupu, zinakuambia mwimbaji hajulikani, hata kama jina lake limeandikwa nje kwa herufi kubwa.

MP3 ilipoanza kusambaa haikuwa na mahali pa kuandika jina la mtu. Mwaka 1996 Eric Kemp akabuni ID3: baiti 128 zinazobandikwa mkiani mwa faili, herufi 30 za wimbo, 30 za mwimbaji, 30 za albamu, 4 za mwaka. Ndiyo maana katika mikusanyo ya zamani utakuta jina limekatika katikati ya neno. Aliyekunakilia hakulikata, nafasi iliisha. Mwaka 1998 likaja toleo la pili, ID3v2, linalokaa mwanzoni mwa faili na lenye nafasi tele. Faili moja yaweza kuwa na yote mawili, kichwani ikisema hili na mkiani lile, na kila programu ikachagua la kuamini.

Nyimbo zako nadhani zimetoka mahali pawili. Kuna za CD. CD ya kawaida ya muziki huwa haina majina ya nyimbo, isipokuwa zile chache zilizowekewa CD-Text, yaani maandishi ya majina kwenye CD yenyewe. Programu iliyozihamisha ilipima urefu wa nyimbo, ikaulinganisha na hifadhidata ya mtandaoni, ndipo ikapata majina. Kama siku hiyo hukuwa na bando, ulipewa "Track 01" mpaka "Track 14". Halafu kuna za kupakua, ambazo tovuti zimezigonga mhuri: anwani ya tovuti imekaa mahali pa mwimbaji, na wakati mwingine hata mahali pa wimbo.

Dawa yake, kwa kuwa majina ya nje unayo, ni kuyaingiza ndani. Pakua Mp3tag, ambayo ni ya bure kwa Windows. Fungua folda, chagua nyimbo, bonyeza Alt na 2, kisha uandike %artist% - %title% ikiwa faili zako zimepangwa mwimbaji kwanza, kistari, halafu wimbo. Programu itakuonyesha matokeo kabla hujakubali. Yasome. Jaribu nyimbo tano kabla ya elfu tano, maana katika kila flashi niliyopata kuishika huwa kuna zilizopangwa kinyume, wimbo kwanza, nazo ni lazima zitengwe kwenye folda yao kabla ya kuguswa. Alt na 1 hufanya kazi ya upande wa pili, yaani hutoa tegi na kuzifanya jina la nje. Ukiibonyeza kwa haraka wakati tegi bado ni tupu au zina anwani za tovuti, utafuta majina mazuri pekee uliyokuwa nayo. Kwa hiyo nakili flashi nzima kwingine kwanza.

Kwaya yetu ilirekodi nyimbo kumi na studio ikatupa WAV. Nimejaza majina yote kwenye kompyuta ya kanisa, lakini nikizihamishia kwa simu hayapo. Nimekosea wapi? (Katibu wa kwaya, Kawangware)

Hujakosea, katibu. WAV ilitoka kwa Microsoft na IBM mwaka 1991 kama chombo cha kubebea sauti. Mahali pa maelezo pamo, lakini waundaji wa programu hawakukubaliana kuhusu namna ya kupatumia. Moja huandika kwa mtindo wake, nyingine haijui hata kwamba kuna kitu cha kusoma. Na huenda kompyuta ya kanisa iliyaweka majina hayo kwenye hifadhidata yake tu, bila kuigusa faili.

Zihifadhi WAV kama zilivyo, hizo ndizo mbegu. Kisha tengeneza nakala za FLAC. FLAC hupunguza ukubwa bila kutupa chembe ya sauti, na tegi zake husomeka vizuri kwenye simu na kompyuta za leo. WAV ya ubora wa CD hula karibu MB 10 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika sita ni MB 60. FLAC yake mara nyingi itakuwa kati ya nusu na theluthi mbili ya hapo. Kwa kuwatumia watu kwenye simu, tengeneza MP3 za kbps 320, kama MB 14 kwa wimbo huohuo.

Na mkishafika kwenye tegi, msiishie kwa jina la kwaya. Kuna nafasi ya mtunzi. Jazeni jina la aliyetunga, na kwenye maelezo mtaje sauti ya kwanza na mpiga kinanda. Kwaya hubadilika watu kila mwaka.

Marehemu baba aliacha kaseti zaidi ya mia moja za rumba na benga, na santuri chache. Nimeanza kuzihamisha, lakini kila jalada limeandika jina la bendi kivyake, na nyimbo nyingine zimekatwa mara mbili. Nifuate utaratibu gani? (Binti yake, Buruburu)

Pole kwa msiba, dada. Swali lako nitakaa nalo kidogo.

Anza na daftari kabla ya kompyuta. Andika kila bendi mara moja, kwa tahajia moja, na ufuate daftari hilo mpaka mwisho. Orchestra Super Mazembe, waliotoka Kongo wakapiga kambi hapa Nairobi miaka ya 1970, utawakuta kwenye majalada kama "Orchestra Super Mazembe", "Orch. Super Mazembe" na "Super Mazembe". Kwako ni watu walewale. Kwa kompyuta ni bendi tatu zenye folda tatu. D.O. Misiani naye ana nukta, hana nukta, ana nafasi kati ya herufi, yuko peke yake, yuko na Shirati Jazz. Chagua moja. Kama hutaki orchestra zote zirundikane chini ya herufi O, programu nzuri zina sehemu ya jina la kupangia: mwimbaji anabaki "Orchestra Super Mazembe", ila kwa kupangia unaandika "Super Mazembe, Orchestra".

Lakini kuna majina yanayofanana ambayo hupaswi kuyaunganisha. Simba Wanyika ilianzishwa Nairobi mwaka 1971 na ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Kinyonga. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wakajitenga wakaunda Les Wanyika. Nimeona mikusanyo ambayo mtu, kwa nia njema, ameweka zote chini ya "Wanyika". Kufanya hivyo ni kufuta mgawanyiko ambao ni nusu ya historia ya muziki huo.

Nyimbo zilizokatwa mara mbili: upande mmoja wa santuri ndogo ya mizunguko 45 ulitosha dakika nne au tano hivi, na wimbo wa rumba hautoshi hapo. Hivyo maneno yakakaa upande wa kwanza, na magitaa yakapewa nafasi upande wa pili. Ziache ziwe faili mbili, namba 01 na 02, na kwenye tegi uandike jina la wimbo likifuatwa na "Sehemu ya 1" na "Sehemu ya 2". Ukitaka kuziunganisha ili usikie mfululizo, tengeneza faili ya tatu, zile mbili usizifute.

Usiandike "Upande A/B" kwenye jina la nje. Alama ya mkwaju ndiyo kompyuta inayotumia kutenganisha folda na folda. Windows itakukatalia papo hapo, lakini programu nyingine itakubali kwa utiifu na kukuundia folda iitwayo "Upande A" yenye faili moja ndani iitwayo "B". Vilevile usimalizie jina la folda kwa nukta. Windows huidondosha nukta ya mwisho kimyakimya, kwa hiyo folda "Super Mazembe Orch." itakuwa "Super Mazembe Orch", na programu inayoitafuta kwa nukta yake haitaiona.

Kaseti alizojirekodia baba mwenyewe kutoka redioni hazina albamu. Zipe namba. Andika 014 kwa kalamu kwenye kaseti yenyewe, na kwenye tegi ya albamu uandike "Kaseti ya Baba 014, Upande A". Siku ukitaka kuirudia kaseti, utajua ni ipi.

Na usifanye nilivyofanya mimi. Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii mzee mmoja wa Shauri Moyo aliniletea kaseti sita ndani ya mfuko wa unga. Alikaa kwenye stuli karibu nami mchana kutwa. Kila wimbo ulipoanza alimtaja mpiga gitaa, akaeleza walikopiga, akaonyesha kwa vidole vyake kamba iliyokuwa ikivutwa. Mimi nikawa naandika "Kaseti 3 Upande B 04" na kumwambia majina tutajaza baadaye. Miezi michache baadaye alikuja mwanawe peke yake kuchukua kaseti, na ndipo nikajua. Waliniachia nakala. Wimbo huo wa nne nausikiliza mpaka leo, na mpigaji wake simjui, ingawa niliambiwa jina lake nikiwa nimeketi hatua moja kutoka kwa aliyelijua.

Kwa hiyo mama, ami, jirani, yeyote aliyekuwa akisikiliza na baba yako, mkalishe karibu wakati kaseti inazunguka. Jaza tegi palepale.

Kwenye gari nyimbo zinacheza 1, 10, 11, 12, kisha 2. Kwa nini? (Dereva, Rongai)

Redio inapanga kwa herufi, na kwa herufi 10 hutangulia 2. Andika 01, 02, 03. Zikiwa zaidi ya 99, anza na 001. Ikiwa bado zinachanganyika, redio yako ni ya wale wanaofuata mpangilio ambao faili ziliingia kwenye flashi. Futa zote, kisha unakili upya kwa mfuatano unaoutaka, folda baada ya folda.

Natumia Ubuntu. Kila nikinakili muziki kwenye flashi, nyimbo chache hukataa kuingia na sioni kasoro yake. Zinacheza vizuri kwenye kompyuta. (Mwanafunzi, Kahawa)

Tazama majina yake: nina hakika yana alama ya kuuliza au nukta pacha. Linux, ambayo Ubuntu yako ni aina yake, hukubali karibu kila kitu isipokuwa mkwaju. Flashi nyingi zimeumbizwa kwa mtindo wa Windows, ambao unakataa alama tisa: mikwaju yote miwili, nukta pacha, kinyota, alama ya kuuliza, alama ya nukuu mbili, mabano ya pembe mawili, na mstari wima. Waimbaji wetu wanapenda kuuliza, kwa hiyo alama ya kuuliza ndiyo inayosumbua zaidi.

Itoe kwenye jina la nje tu. Ndani ya tegi iache, kwa sababu msanii aliiweka na hakuna anayeikataza huko. MusicBrainz Picard, programu ya kujaza tegi ambayo inakwenda hata kwenye Ubuntu, ina chaguo la kufanya majina ya faili yakubalike na Windows. Liwashe na usahau jambo hili.

Nakusanya nyimbo za Gĩkũyũ. Kwenye redio ya gari naona "G?k?y?". Na kwenye kompyuta msanii mmoja ananitokea mara mbili, ingawa nikiyatazama majina yanafanana herufi kwa herufi. (Msomaji, Kasarani)

Haya ni maswali mawili, na yote mawili yananigusa, maana lugha zetu ndizo zinazoumizwa na vitu hivi.

ID3 ya kwanza ilitegemea jedwali la herufi za Ulaya Magharibi. Humo kuna ã na õ za Wareno, lakini ĩ na ũ hazimo. Programu ikilazimishwa kuziweka hapo huandika alama ya kuuliza, na ikishahifadhi, herufi ya asili imepotea. Toleo la ID3v2.3 hukubali UTF-16, namna ya kuandika herufi ambayo ina hizo zote, na Mp3tag huandika hivyo yenyewe usipoibadilisha. ID3v2.4 nayo ni nzuri na ilileta UTF-8, namna nyingine ya kuziandika, ila redio nyingi za magari haziifahamu, kwa hiyo baki na 2.3. Redio nyingine hata ukiandika sawasawa hazina umbo la ũ kwenye kioo chake. Hiyo usiiruhusu ikuharibie maktaba. Weka tahajia sahihi nyumbani, na kwa ajili ya gari utengeneze nakala ya pembeni yenye u na i za kawaida.

Kuhusu msanii wa mara mbili: herufi ũ yaweza kuhifadhiwa kama herufi moja kamili, au kama u ikifuatwa na kiwimbi kinachopanda juu yake. Jicho halioni tofauti, kompyuta inaiona. Ritifaa nayo ni vilevile. Katika jina kama Mũrang'a, simu moja huweka ritifaa iliyonyooka na nyingine huweka iliyopinda. Chukua jina moja lililo sawa, linakili, chagua nyimbo zote za msanii huyo, ulibandike kwa mpigo. Usiliandike upya kwa mkono, kwa sababu kibodi ndiyo iliyoleta tatizo.

Albamu moja ya nyimbo za injili, wasanii kumi na wanane, programu imeigawa kuwa albamu kumi na nane. (Mama wa nyumbani, Donholm)

Mama, kuna tegi mbili zinazochanganywa: mwimbaji wa wimbo, na mwimbaji wa albamu. Programu hukusanya albamu kwa kufuata ya pili, na kwako ni tupu. Chagua nyimbo zote kumi na nane, na kwenye mwimbaji wa albamu uandike "Wasanii Mbalimbali" kwa zote. Mwimbaji wa kila wimbo usimguse. Hakikisha pia jina la albamu ni lilelile kote, maana nafasi moja ya ziada mwishoni inatosha kuigawa tena.

Anayeshirikishwa kwenye wimbo mmoja hupata shida hiyohiyo. Maneno kama "akishirikiana na" yawekwe kwenye jina la wimbo, si kwenye mwimbaji wa albamu.

Nilisafisha majina ya faili zote kwenye folda, kazi ya siku tatu. Nilipofungua programu ya kuchezea muziki, orodha zangu zote zimekufa na alama nilizoweka kwenye nyimbo zimepotea. Naweza kuzirudisha? (DJ, South B)

Unaweza, ila itabidi uwe mvumilivu. Orodha ya nyimbo haina nyimbo ndani yake. Fungua faili ya M3U, yaani faili ya orodha, kwa Notepad utaona: ni mistari ya maandishi, kila mmoja ukiwa ni njia ya kufikia faili, kama D:\Muziki\Benga\Track 03.mp3. Ulipoibadilisha "Track 03" kuwa jina zuri, mstari huo ukawa unaelekeza mahali pasipo na mtu. Kwenye M3U unaweza kurekebisha mistari kwa mkono, au kwa amri ya kutafuta na kubadilisha ikiwa ni folda tu iliyobadilika.

Programu za DJ, kama Rekordbox na Serato, hutofautiana. Rekordbox huweka alama zako kwenye hifadhidata yake na kuzifunga kwenye njia ya faili, kwa hiyo bado zipo, zinamsubiri wimbo. Tafuta amri ya "Relocate" uielekeze kwenye faili mpya. Usiingize nyimbo upya kana kwamba ni ngeni, hapo ndipo watu hupoteza alama zao kabisa. Serato huandika alama ndani ya faili yenyewe, kwa hiyo ukishamwonyesha faili ilipo, zinarudi nayo.

Siku nyingine ukirekebisha, acha jina la nje, rekebisha tegi. Jina la nje ni anwani, na ukishaweka orodha umeshawaambia watu unakoishi. Baada ya kubadilisha tegi kwa Mp3tag, iambie programu ya DJ isome upya, kwa kuwa huwa haitazami tena yenyewe. Rekordbox ina "Reload Tag" ukibonyeza upande wa kulia wa kipanya.

Nimesikia kuna programu inayosikiliza wimbo na kuutambua yenyewe. Niliijaribu kwenye benga ya babu, ikanipa majina ya watu nisiowajua. Ni ya kuaminika? (Msomaji, Kayole)

Kwa CD iliyotoka kwa kampuni kubwa, ndiyo. Kwa kaseti ya River Road, hapa Nairobi, iamini kama unavyomwamini mgeni anayekuelekeza njia ya kwenu.

Picard hutengeneza alama ya sauti ya wimbo, kama alama ya kidole, na kuilinganisha na zile zilizo kwenye AcoustID, hifadhidata ya alama hizo. Ikipata inayolingana, huchukua majina kutoka MusicBrainz, hifadhidata ya muziki ya mtandaoni. Kuna mambo mawili yanayoikwamisha hapa kwetu. Kwanza, majina hayo huwekwa na watu wanaojitolea, na muziki mwingi wa Afrika Mashariki hakuna aliyeuweka. Pili, kaseti iliyochezwa kwenye deki yenye mota iliyochoka hukimbia au huburura, na sauti iliyokimbia ina alama nyingine kabisa.

Kwa hiyo usibonyeze kuhifadhi kwa mkupuo. Sikiliza wimbo, tazama urefu uliopendekezwa, tazama jalada. Sekunde 40 za tofauti ni wimbo mwingine, au ni sehemu ya pili ya uleule. Na ukipata kitu cha babu ambacho hakimo, fungua akaunti MusicBrainz ukiweke wewe. Ni bure, na mwingine atakayetafuta atakipata.

Mimi ni msanii chipukizi. Nilituma wimbo redioni kwa WhatsApp, mtangazaji akaniambia hajauona, kumbe aliupokea. (Msanii, Dandora)

Aliupokea ukiitwa kitu kama AUD-20240611-WA0007, katikati ya nyingine mia zinazoitwa hivyohivyo. Wimbo ukitumwa kama sauti, WhatsApp huupa jina lake. Tuma kama hati, na jina litabaki. Na jina lenyewe lisiwe "final mpya kabisa 2". Liwe jina lako la kisanii, kistari, jina la wimbo, basi.

Kisha jaza ndani: mwimbaji, wimbo, mtunzi, prodyuza, mwaka, namba ya simu ya kazi kwenye maelezo, na jalada. Ikiwa una ISRC, ile namba ya herufi na tarakimu 12 inayoutambulisha wimbo mmoja mmoja, nayo ina tegi yake. Iweke. Mtangazaji anaponakili wimbo kwenye kompyuta ya studio jina la nje laweza kubadilishwa mara tatu, na aliyetunga wimbo usiotajwa hana njia ya kudai mrabaha wake kwa urahisi. Usipotumia jina lilelile kila mara, wewe mwenyewe utakuwa wasanii wawili.

Nina nyimbo kumi na moja ambazo nimeuliza kila mtu na hakuna anayemjua mwimbaji. Niandike "Hajulikani", au niache wazi? (Binti wa Buruburu, tena)

Acha wazi. Ukiandika "Hajulikani", kompyuta itamfanya kuwa msanii, itamkusanyia nyimbo za watu kumi na mmoja, na siku moja mtu atamtafuta. Jina la nje lipe namba ya kaseti na mahali pa wimbo. Halafu tumia sehemu ya maelezo kwa kila unachokisikia, hata kidogo. Mimi kwenye ule wimbo wa Shauri Moyo nimeandika hivi: "Kaseti 3, upande B, wimbo wa 4. Kijaluo. Magitaa mawili na besi, hakuna ngoma mpaka dakika ya pili. Anataja Kisumu mara mbili na jina la kike, Atieno au Achieng. Mwenye kaseti alimjua mpiga gitaa la kwanza."